Usafi wa viwanda vyetu utaanzia kwenye boila

KILA inapowadia Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, wakuu wa viwanda humu nchini huvalia fulana zenye nembo za kampuni zao, wakashika majembe na kupanda miche mbele ya wapiga picha. Ni jambo jema, kwani nchi hii ingali inahitaji miti. Hata hivyo, mche uliopandwa langoni hauelezi lolote kuhusu yanayotendeka nyuma ya ukuta. Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Anayetaka kujua iwapo kiwanda ni kisafi na aombe kuonyeshwa boila, yaani mtambo mkubwa wa kuchemshia maji ya kutoa mvuke, kisha aulize kinachochomwa humo na kiasi chake.

Kuna sababu ya kuanzia hapo, hasa nchini Kenya. Katika mataifa kama vile India na Afrika Kusini, kilio kikubwa cha watetezi wa mazingira ni umeme unaozalishwa kwa makaa ya mawe. Kiwanda cha huko kinapowasha taa tu, tayari kimechafua hewa mahali fulani. Kwetu sisi hali ni tofauti. Takriban asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mtambo wa kwanza wa mvuke wa ardhini kule Olkaria ulianza kazi mwaka wa 1981 ukiwa wa megawati 15 pekee, na leo chanzo hicho ndicho kinachotoa sehemu kubwa zaidi ya umeme wetu. Kwa hivyo cherehani, mota na mikanda ya kupitishia bidhaa katika viwanda vyetu haina hatia kubwa.

Uchafu umo katika joto. Majani chai hukaushwa kwa joto, maziwa husafishwa kwa joto, maji ya miwa huchemshwa hadi yagande, vitambaa hutiwa rangi katika maji moto, na mawe ya saruji huchomwa hadi yakaribie kuyeyuka. Joto hilo halitoki kwenye nyaya za umeme. Hutoka kwenye kuni, mafuta mazito na makaa ya mawe yanayoingia nchini kwa meli kupitia bandari ya Mombasa. Mjadala wa viwanda kutunza mazingira ambao hauligusi suala hili huishia kwenye miche na fulana.

Mvuke unaopotea njiani

Boila haitengenezi bidhaa. Hutengeneza mvuke, nao mvuke husafirishwa kwa mabomba hadi kwenye mashine inayouhitaji. Safari hiyo ndiyo yenye hasara. Bomba lisilovikwa kizuia-joto huwapasha joto wafanyakazi wanaopita na paa la jengo. Vali iliyochakaa hupuliza mvuke hewani mchana kutwa, na kwa kuwa mvuke hauna harufu wala rangi ya kutisha, hakuna anayeshtuka. Kisha kuna maji ambayo mvuke hugeuka baada ya kufanya kazi yake. Maji hayo yangali moto na ni safi, lakini katika viwanda vingi huachwa yatiririke mtaroni.

Hesabu yake si ngumu. Wahandisi wa mvuke hukadiria kwamba kila maji yaingiayo kwenye boila yanapokuwa na joto zaidi kwa nyuzi sita hivi, matumizi ya kuni au mafuta hupungua kwa asilimia moja. Kiwanda kinachochota maji ya mto yenye nyuzi 20 kikianza kurejesha yale yaliyotumika, yakaingia kwenye boila yakiwa na nyuzi 80, kitakuwa kimeokoa takriban asilimia 10 ya kuni. Gharama yake ni bomba la kurudi, tangi na pampu. Wala haihitajiki teknolojia ngeni.

Jambo la pili ni ukavu wa kuni. Mti uliokatwa jana una maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Kuni hizo zikitupwa kwenye tanuri, moto hulazimika kwanza kuyachemsha maji hayo kabla ya kuyachemsha yale ya boila. Kilo moja ya kuni zilizokauka hadi zikabaki na unyevu wa asilimia 20 hutoa joto linalokaribia maradufu ya lile la kilo moja ya kuni mbichi. Msomaji makini atasema, na atakuwa na haki, kwamba kilo hizo mbili hazilingani, kwa kuwa mti ukikauka uzito wake pia hupungua. Faida kwa kila mti kwa hakika ni ndogo kuliko hiyo. Lakini kuni mbichi pia hufuka, haziungui zikaisha, na masizi yake hujitandaza kwenye mabomba ya boila yakazuia joto kupenya. Kibanda cha kukaushia kuni, chenye paa na kilicho wazi ubavuni ili upepo upite, ni kifaa cha kutunza mazingira sawa na mtambo wowote wa mamilioni.

Sheria haijalala kuhusu haya. Kanuni za Usimamizi wa Kawi za mwaka wa 2012 zinavitaka viwanda vilivyoorodheshwa kuwa watumiaji wakubwa kufanyiwa ukaguzi wa kawi kila baada ya miaka mitatu, na kufikia walau nusu ya uokoaji ambao wakaguzi wamependekeza. Ripoti ya ukaguzi wa aina hiyo, ikisomwa na wasimamizi badala ya kufungiwa kabatini, aghalabu huanza na mambo ambayo fundi wa boila amekuwa akiyasema kwa miaka mingi bila kusikizwa.

Majani chai na bonasi ya mkulima

Hakuna mahali ambapo suala hili linamgusa mwananchi wa kawaida kama katika majani chai. Viwanda karibu 70 vinavyosimamiwa na shirika la KTDA vinamilikiwa na wakulima wadogo wadogo wenyewe, ambao idadi yao inazidi 600,000. Kila kinachotumika kiwandani hutolewa kwenye mapato kabla mkulima hajalipwa bonasi yake ya mwisho wa mwaka. Kuni zinazopotea ni pesa zake.

Kutengeneza chai ni kazi ya kuondoa maji. Jani bichi likifika kiwandani, sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Huhitajika kilo nne na nusu hivi za majani mabichi ili kupata kilo moja ya chai kavu, ambayo unyevu wake hauzidi asilimia tatu au nne. Maana yake ni kuwa kwa kila pakiti ya kilo moja, zaidi ya kilo tatu za maji zimegeuzwa mvuke. Majani hunyaushwa kwanza kwa hewa vuguvugu, yakasagwa, yakaachwa yabadilike rangi, kisha yakaukia kwenye mtambo unaopulizwa hewa moto. Hatua ya kwanza na ya mwisho ndizo zinazokula kuni.

Mafuta mazito yalipozidi kupanda bei, viwanda vingi vya chai viliegemea kuni, navyo vikaanza kununua mashamba na kupanda mikaratusi. Mti huo hukua upesi, huchipuka tena baada ya kukatwa, na mtu anayeupanda kwa utaratibu huweza kuvuna bila kukausha shamba lake la miti. Kuni zikitoka kwenye shamba linalopandwa upya, gesi ya kaboni inayotoka kwenye dohani hurudishwa mtini katika miaka ijayo. Zikitoka kwa dalali ambaye hakuna ajuaye alikozikata, hesabu hiyo haipo tena. Mikaratusi nayo ina kesi yake. Mnamo 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyopandwa kwenye chemichemi na kingo za mito ing'olewe kwa sababu ya kiu yake kubwa. Agizo hilo liliwakasirisha wengi, ila kiini chake kilikuwa sahihi: mti si mbaya, kosa ni mahali ulipopandwa.

Shinikizo liliongezeka Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma. Macho ya wanunuzi wa kuni yaligeukia miti iliyo kwenye mashamba ya watu binafsi. Tangu hapo, viwanda kadhaa vimejaribu vitofali vya kuchoma vilivyoshindiliwa kutokana na maganda ya makadamia, makapi ya miwa, pumba za mpunga na unga wa mbao. Vitofali hivyo vina unyevu mdogo na huungua sawasawa. Tatizo ni kupata vya kutosha mwaka mzima, maana maganda ya makadamia hutoka msimu wa makadamia, ilhali chai huchumwa Januari hadi Disemba.

Kwa upande wa umeme, viwanda vya chai vina bahati ya kuwa milimani. Kiwanda cha Imenti, katika Kaunti ya Meru, kilijenga mtambo wake mdogo wa umeme wa maji usiofika megawati moja na kuuza ziada kwa gridi ya taifa, na kwenye mto Gura, Nyeri, viwanda vya eneo hilo viliungana kuwa na mtambo mkubwa zaidi. Miradi hii hupunguza gharama na kuviokoa viwanda na jenereta za dizeli umeme wa taifa unapokatika. Lakini haizimi moto wa boila, na ndiyo maana sifa zake zisitufanye tusahau kibanda cha kuni.

Saruji, mzigo usioepukika kwa urahisi

Kiwanda cha saruji ni mtihani mgumu kuliko wa chai. Klinka, ambayo ndiyo moyo wa saruji, hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo katika tanuri linalozunguka, kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi. Mawe ya chokaa yakichomwa hutoa gesi ya kaboni iliyokuwa imefungwa ndani yake tangu zama za kale. Kilo 100 za chokaa safi hutoa kilo 44 za gesi hiyo. Takriban asilimia 60 ya kaboni ya klinka hutokana na mawe yenyewe, wala si na kinachochomwa. Hata tanuri hilo likiwashwa kwa jua, sehemu hiyo ya gesi ingetoka vilevile. Ndiyo sababu saruji pekee hukadiriwa kutoa asilimia saba au nane ya gesi ya kaboni inayozalishwa na binadamu ulimwenguni.

Mkenya anayetajiwa saruji na mazingira mara moja hukumbuka Bamburi, na kwa haki. Mwaka wa 1971 mtaalamu Rene Haller, mzaliwa wa Uswizi, alianza kupanda miti katika machimbo yaliyoachwa ya kiwanda hicho kaskazini mwa Mombasa, mahali palipokuwa mwamba mtupu wenye maji ya chumvi. Miti mingi aliyoijaribu ilikufa. Mvinje ulistahimili. Majani yake makavu yalikataa kuoza, hadi walipoletwa jongoo wakayala na kuyageuza mboji, na udongo ukaanza kujijenga. Leo mahali hapo ni Haller Park, ambako wageni huwatazama twiga na kobe. Ni mojawapo ya kazi bora za kurejesha ardhi barani Afrika. Pamoja na hayo, bustani hurejesha shimo. Moshi wa tanuri ni suala jingine kabisa, na kampuni za saruji duniani kote zina mazoea ya kuchapisha picha za la kwanza zinapoulizwa kuhusu la pili.

Dawa iliyo karibu zaidi ni kupunguza klinka katika mfuko. Jivu la volkano, ambalo wenye viwanda huliita pozolana, limejaa katika nyanda za Kajiado na Athi River, na likisagwa pamoja na klinka hushikana vyema bila kuhitaji kuchomwa. Msomaji anaweza kuthibitisha haya kwenye mfuko wenyewe. Saruji yenye maandishi CEM I huwa na klinka isiyopungua asilimia 95 ya viungo vyake vikuu. Ile yenye maandishi CEM IV/B huwa na klinka kati ya asilimia 45 na 64, na nafasi iliyobaki hujazwa hasa na pozolana. Nambari 32.5 au 42.5 ni kipimo cha nguvu baada ya siku 28. Nguzo na dari za orofa zinahitaji saruji yenye nguvu. Kupiga lipu, kujengea ukuta wa kawaida au kumwaga sakafu ya nyumba ya chini hakuhitaji. Fundi anayenunua saruji ya 42.5 kwa kazi zote kwa kuwa "ndiyo kali" humtia mwenye nyumba hasara, na kwa kila mfuko huchoma mawe ambayo hayakuwa na haja ya kuchomwa. Hapa mnunuzi ana usemi kuliko mkaguzi yeyote wa serikali.

Funzo la Mumias

Kiwanda cha sukari, tofauti na hicho cha saruji, hubeba kuni zake mgongoni. Kati ya kila tani 100 za miwa inayosagwa, takriban tani 30 hubaki kuwa makapi. Zamani boila za viwanda vya sukari ziliundwa makusudi ziwe hafifu, kwa kuwa makapi yalionekana kuwa taka ya kumalizwa. Boila ya shinikizo kubwa ikichukua nafasi yake, makapi yaleyale huendesha kiwanda kizima na umeme wa kuuza ukabaki.

Mumias ilifanya hivyo. Mwaka wa 2009 ilizindua mtambo wa megawati 35, na 26 kati ya hizo zikapangiwa gridi ya taifa. Mradi huo ulisifiwa kote na kuwa mfano wa kiwanda kinachojitunza. Miaka michache baadaye miwa ilipungua, madeni yakaongezeka, wakulima wakakaa bila malipo, na mwaka wa 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu. Mtambo haukuwa na hitilafu ya wazo. Ulikosa miwa. Wanaoandika mipango ya viwanda vya kutunza mazingira wangefanya vyema kuanza na swali la mkulima atalipwa lini, kwani boila ya makapi bila miwa ni chuma kinachokula kutu.

Si kila kinachorejelezwa ni kisafi

Lipo dai jingine ambalo huaminiwa bila kuchunguzwa: kwamba kiwanda kikitumia taka kama malighafi, basi kimeyatunza mazingira. Watu wa Owino Uhuru, mtaa wa mabanda ulio Mikindani, Mombasa, wanajua kuwa sivyo. Kiwanda kilichojengwa kando ya nyumba zao kiliyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Kwenye karatasi, huko ni kurejeleza taka. Kwa uhalisi, moshi wenye risasi uliingia katika vyumba vya watu na maji yenye asidi yakapita milangoni. Risasi huathiri ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na madhara yake hayafutiki.

Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, aligundua kuwa mwanawe mchanga alikuwa na sumu hiyo mwilini, akaanza kampeni iliyomfanya atunukiwe tuzo ya Goldman mwaka wa 2015. Kiwanda kilikuwa kimefungwa mwaka uliotangulia. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ikaufuta uamuzi huo wa malipo mwaka wa 2023, na Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Asasi za serikali zilizotoa vibali na kuzembea kukagua zilikuwa miongoni mwa walioamriwa kulipa. Kesi hiyo imeipa uzito wa shilingi ile haki ya kila mtu ya kuishi katika mazingira safi, iliyomo kwenye Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010.

Tangu Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka wa 1999, nchi hii haijapungukiwa na sheria. Kilichopungua ni msimamo. Pale msimamo ulipoonekana, viwanda vilibadilika. Februari 2017 serikali ilitoa notisi ya miezi sita ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki, na wenye viwanda wakaonya kwamba maelfu ya ajira yangepotea. Kuanzia Agosti 28 mwaka huo, anayetengeneza mifuko hiyo alikabiliwa na faini ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni au kifungo cha hadi miaka minne. Baadhi ya viwanda vilifunga mashine hizo kwa uchungu, na wafanyakazi walioachishwa kazi hawakufidiwa na sifa ambazo Kenya ilipewa ng'ambo. Lakini katika muda wa wiki chache muuza mboga alikuwa na aina nyingine ya mfuko.

Joto lililo chini ya miguu yetu

Swali linalobaki ni joto safi litatoka wapi. Boila ya umeme ipo na hufanya kazi, ila bei ya umeme nchini humfanya mwenye kiwanda arudi kwenye kuni baada ya kupiga hesabu mara moja. Jua huweza kupasha maji ya kuoshea au ya kuanzia boila, lakini kulifikisha kwenye nyuzi za tanuri ni vigumu.

Kuna chanzo ambacho tumekitumia kwa sehemu ndogo mno. Mvuke wa ardhini tunaugeuza umeme, na katika kuugeuza joto jingi hupotea. Ungeweza kutumika moja kwa moja. Kampuni ya maua ya Oserian, kando ya Ziwa Naivasha, ilianza mwaka wa 2003 kupasha joto vibanda vya waridi kwa kisima ilichokodi kutoka KenGen. Joto hilo lilipunguza unyevu wa usiku na hivyo ukungu unaohitaji dawa, na gesi ya kaboni kutoka kisimani ikalishwa mimea. Kule Menengai, Nakuru, shirika la GDC limeonyesha kwa mitambo midogo ya majaribio kwamba mvuke huohuo unaweza kusafisha maziwa, kukausha nafaka na kufua nguo.

Kizingiti ni umbali. Umeme husafiri kwa waya hadi Busia, ila mvuke ukipelekwa kilomita nyingi hufika ukiwa maji vuguvugu. Kiwanda kinachotaka joto hilo hakina budi kuhamia Bonde la Ufa, kikaweka mashine zake kando ya kisima. Kwa maziwa, mboga za kukaushwa na nguo hilo linawezekana. Kwa chai ya Meru haliwezekani, maana jani halina budi kufika kiwandani saa chache baada ya kuchumwa, na huko mkulima ataendelea kutegemea kuni zilizokauka, bomba lililovikwa vizuri na fundi wa boila anayesikizwa.